Fulana ya chini ya robota imeshalipiwa nauli

RIPOTI YA SOKO: NGUO NA MITUMBA

KIGOMA. Mfanyabiashara wa mitumba anajua kwa shilingi na senti robota lake limemgharimu kiasi gani. Anajua bei ya jumla ya Dar es Salaam, anajua nauli ya kulileta hadi mwisho wa reli, anajua ujira wa mpagazi na ushuru wa meza. Lakini muulize zile fulana zinazobaki chini ya turubai saa kumi jioni, zenye doa la mafuta, shingo iliyolegea au tundu kwapani, zimemgharimu kiasi gani. Wengi watajibu kwamba hizo ni takataka, haziingii katika hesabu.

Hapo ndipo hasara inapojificha. Muuzaji wa jumla hapimi fulana nzuri peke yake na mbovu peke yake. Robota hupimwa zima, kwa kawaida kilo 45, na nauli hulipwa kwa uzito wote. Fulana iliyotoboka imesafiri karibu kilomita 1,250 za Reli ya Kati kwa gharama ileile ya fulana mpya iliyolala juu yake. Mwenye meza Buguruni au Manzese akikataliwa na mteja amepoteza bei ya fulana. Mwenye meza Mwanga au Ujiji amepoteza bei ya fulana pamoja na nauli.

Swali la ripoti hii ni dogo lakini lina fedha ndani yake. Je, fulana hizo za mwisho zinaweza kurudisha sehemu ya mtaji kwa kukatwa na kugeuzwa uzi mnene wa kufumia makapeti ya mlangoni, vikapu na mifuko? Jibu fupi ni ndiyo, lakini kwa kiasi, na kwa masharti ambayo mwenye mtaji mdogo anapaswa kuyajua kabla hajanunua mkasi.

Nguo za mbali si jambo geni Ujiji

Mji huu umezoea kuvaa nguo iliyosukwa mbali. Burton alipofika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871, nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya sokoni. Shanga za sofi zilinunua samaki na mboga, na vitambaa vilinunua vitu vikubwa. Kitambaa kilichopendwa kiliitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani, kwa meli za Salem huko Massachusetts zilizotia nanga Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi, lakini jina la merikani likabaki.

Kusini mwa ziwa, Wafipa walikuwa wakisokota pamba yao na kufuma nguo nzito katika vitanda vya kulaza chini. Nguo ya kiwandani iliyoingia kwa bei nafuu ikaiua kazi hiyo taratibu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo wa kutoka pwani ukawa mwepesi zaidi kufika na kazi ya mfumaji wa kienyeji ikawa ngumu zaidi kuuzika.

Taifa lilijaribu kurudisha ufumaji kwa njia ya viwanda. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata Mwanza, Musoma na kwingineko. Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Mzee Ruksa, mitumba iliingia kwa wingi na viwanda vingi vikayumba. Tangu hapo, mwananchi wa kawaida wa Kigoma anavaa fulana iliyovaliwa kwanza na mtu wa Marekani, Ujerumani au Uingereza.

Safari hiyo imeandikwa. Pietra Rivoli, profesa wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, alichapisha mwaka 2005 kitabu kinachofuata safari ya fulana kutoka shamba la pamba hadi soko la mitumba la Manzese, Dar es Salaam. Msomaji wa Kigoma anaweza kuongeza sura moja, maana fulana isiyopata mteja Manzese husafiri tena kuelekea mikoani, na isiyopata mteja Kigoma haina pa kwenda mbele isipokuwa ziwani.

Chini ya robota kuna nini

Kila nchi ina jina lake kwa nguo hizi na kwa mabaki yake. Zambia huziita salaula. Rwanda na Burundi wamechukua neno letu la kuchagua na kulifanya jina la biashara nzima. Huko Gikomba, Nairobi, gredi ya juu huitwa kamera na ya chini kabisa huitwa fagia, yaani ile inayofagiwa. Kigoma huijua kwa sauti ya muuzaji. Asubuhi anauza kwa bei ya kuchagua, mchana anashuka, na jioni anaimba jero jero ili asirudi na mzigo nyumbani.

Kinachobaki baada ya jero jero kina matumizi matatu ya kawaida. Kwanza ni matambara ya gereji na ya kudekia. Pili ni kujazia mito na magodoro. Tatu ni kuchanwa vipande vifupi na kuchomekwa katika kiroba kilichokwisha, kuwa kapeti ya manyoyamanyoya ya mlangoni. Kazi hii ya tatu inajulikana katika nyumba nyingi nchini, na inaonyesha kwamba soko la kapeti ya fulana si la kubuni. Tofauti ya uzi ni kwamba fulana haichanwi vipande vifupi. Inakatwa utepe mmoja mrefu usiokatika.

Si kila fulana inafaa, na hapa ndipo wengi watakapopoteza fedha. Inayofaa ni ya pamba, kubwa, isiyo na mshono ubavuni, yaani mwili wake ni kama bomba. Fulana ya bomba hutoa utepe usio na fundo tangu chini hadi kwapani. Yenye mshono inatumika, lakini kila duru itakuwa na kinundu na uzi hukatika hapo ukivutwa.

Jezi za mpira na fulana nyingi za matangazo ni za poliesta. Utepe wake huteleza, haujikunji vizuri, na kapeti yake hainyonyi maji. Asiyejua kutofautisha achome ncha ndogo ya kitambaa. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu, lakini poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Picha kubwa ya mpira kifuani nayo ni hasara, kwa sababu sehemu iliyochapwa haivutiki. Fulana ya namna hiyo ihesabiwe nusu.

Mita ngapi katika fulana moja

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Fulana hufuliwa, hukaushwa na kulazwa mezani. Mkato wa kwanza hupita chini ya makwapa, na juu yote, yaani mabega na mikono, huwekwa kando kwa matambara. Mkato wa pili huondoa pindo la chini. Linalobaki ni bomba.

Bomba hulazwa ubavu mmoja ukiwa kwako na mwingine mbele yako. Hukatwa mistari ya upana wa sentimita 2 na nusu kutoka ubavu wa karibu kwenda wa mbali, lakini mkasi husimama vidole viwili kabla ya kufika mwisho. Kisha ule ubavu usiokatwa hufunguliwa na kukatwa mshazari, mstari wa kwanza wa upande huu ukiunganishwa na wa pili wa upande ule, hadi bomba zima liwe utepe mmoja. Utepe ukivutwa kwa nguvu kidogo, kingo zake hujikunja ndani kwa sababu kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi. Hapo umekuwa uzi wa mviringo, mnene kama kamba ndogo.

Hesabu ya urefu ni rahisi. Fulana kubwa yenye mzunguko wa sentimita 110 na kimo cha sentimita 45 chini ya kwapa hutoa duru 18. Mara sentimita 110, ni karibu mita 20 kabla ya kuvutwa. Ya mtoto au ya mwanamke mwembamba inaweza kutoa nusu ya hapo. Kwa hiyo anayenunua mabaki kwa ajili ya uzi asinunue kwa idadi. Anunue kwa kilo, na achague kubwa.

Kipimo cha kulinganisha kipo. Ulaya uzi wa namna hii ni bidhaa ya dukani. Kampuni ya Hoooked ya Uholanzi huuza uzi uitwao Zpagetti, unaotokana na mabaki ya viwanda vya nguo, katika madonge ya kiasi cha mita 120. Donge moja kama hilo ni sawa na fulana kubwa sita za Kigoma. Lakini msomaji asidanganyike na bei ya Ulaya. Uzi wao umetoka kwenye mabaki mapya yenye rangi moja na unene mmoja. Wetu una rangi ishirini na unene wa kubahatisha.

Hesabu ya robota moja

Tuchukue mfano. Bei zilizomo humu ni za kufanyia hesabu tu, na kila mmoja aweke za kwake. Tuseme robota la fulana la kilo 45 limefika Kigoma kwa jumla ya sh. 450,000. Kwa wastani wa gramu 160 kila moja, lina fulana kama 280. Tuseme asilimia 15 hazikuuzika, yaani fulana 42. Mtaji uliokufa humo ni sh. 67,500.

Njia ya kwanza ni kuziuza kama matambara. Kwa sh. 200 kila moja unapata sh. 8,400. Hasara inabaki sh. 59,100.

Njia nyingine zote zinaanza na kuchambua. Tuseme kati ya 42, fulana 30 zinafaa uzi na 12 zinabaki matambara, za sh. 2,400. Fulana 30 zinatoa mita 600, ambazo ni madonge matano. Kukata fulana moja kwa dakika 10 ni saa tano kwa zote. Tuhesabu saa ya kazi kuwa sh. 1,000, hata kama mkataji ni wewe mwenyewe au binti wa nyumbani. Asiyehesabu jasho lake hajui kama anafanya biashara.

Njia ya pili ni kuuza madonge kama yalivyo. Kwa sh. 5,000 kila moja unapata sh. 25,000. Toa ukataji sh. 5,000 na sabuni sh. 3,000, ongeza matambara, na umerudisha sh. 19,400. Hasara inashuka hadi sh. 48,100.

Njia ya tatu ni kufuma makapeti kwa kroshia. Kroshia hula uzi mwingi, na kapeti ya sentimita 45 kwa 70 inaweza kumaliza fulana 10. Unapata makapeti matatu. Kwa sh. 15,000 kila moja ni sh. 45,000. Lakini kila moja linachukua saa sita, na pamoja na ukataji ni saa 23. Toa sh. 23,000 za kazi na sh. 3,000 za sabuni, ongeza matambara, unabaki na sh. 21,400. Hasara ni sh. 46,100.

Msomaji asimame hapa kidogo. Saa 18 za kroshia zimeongeza sh. 2,000 tu juu ya kuuza madonge. Hii ndiyo sababu vikundi vingi vya kazi za mikono huchoka baada ya miezi michache. Watu wanafanya kazi kweli, lakini mikono yao inalipwa na mikono yao wenyewe.

Njia ya nne ni kitanda cha kufumia. Mtande, yaani nyuzi za urefu, unafungwa kwa uzi imara na utepe wa fulana unapitishwa kama mshindio. Kapeti ya vipimo vilevile ni nyembamba kuliko ya kroshia, lakini inahitaji fulana tano tu na, kwa mfumaji aliyezoea kitanda cha kanyagio, kama saa mbili. Fulana 30 zinatoa makapeti sita. Kwa sh. 10,000 kila moja ni sh. 60,000. Kazi ni saa 17, sawa na sh. 17,000, na nyuzi na sabuni tuseme sh. 9,000. Ongeza matambara, unarudisha sh. 36,400. Hasara imeshuka hadi sh. 31,100.

Kwa hiyo tofauti kati ya kuuza matambara na kufuma kwa kitanda ni sh. 28,000 kwa robota. Mwenye kufungua marobota manne kwa mwezi anaokoa sh. 112,000. Wala fulana mbovu haijageuka faida. Hata njia iliyo bora imeacha hasara ya sh. 31,100. Atakayewaambia wafanyabiashara kwamba uzi wa fulana ni mgodi hajapiga hesabu. Kazi yake ni kupunguza kidonda.

Kitanda kinalipa lini

Tuseme seremala anatengeneza kitanda cha kanyagio kwa sh. 300,000. Wengi watagawa kwa 28,000 na kusema kinajilipa kwa marobota 11. Hesabu hiyo si sahihi. Bila kitanda, mwenye busara asingeuza matambara, angeuza madonge. Tofauti ya kitanda na madonge ni sh. 17,000 kwa robota, kwa hiyo kinahitaji marobota 18 kujilipa. Anayefungua robota moja kwa mwezi atasubiri mwaka mmoja na nusu. Huyo asinunue kitanda. Awauzie madonge walio na kitanda, au wenye meza watano waungane.

Jambo moja liko upande wa Kigoma. Mtande mzuri unataka uzi usiooza wala kukatika, na uzi wa namna hiyo unauzwa kila mahali ufukweni kwa ajili ya nyavu. Fundi wa Dodoma au Singida atautafuta, ila wa Kibirizi na Katonga anao mlangoni.

Nani atanunua

Bidhaa isiyo na mnunuzi ni mzigo uliobadili jina. Soko la kwanza ni la hapahapa. Ardhi ya Kigoma ni nyekundu, kiangazi ni vumbi na masika ni matope, na kila nyumba yenye sakafu ya saruji inahitaji kitu cha kufutia miguu. Mvua huanza kwa kawaida Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Atakayefuma Julai hadi Septemba na kuuza mvua zikianza atakuta mteja anamtafuta.

Kuna na kalenda ya pili, ambayo mgeni haijui. Fedha za ufukweni huenda na mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili vipe hupumzika. Siku za giza kuna fedha Kibirizi na Katonga. Siku za mbalamwezi mikono ipo na fedha hakuna. Mwenye kukata na kufuma apange kazi wakati wa mbalamwezi na auze wakati wa giza. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, kila muuzaji wa mjini alikumbushwa jinsi meza yake inavyotegemea dagaa. Anayeanza biashara hii aweke akiba ya miezi mitatu kama hiyo.

Soko la pili ni nyumba za wageni, zahanati na ofisi, zinazonunua makapeti kumi kwa mara moja na kutaka yafanane. Hapa rangi ndiyo shida. Njia ya kuikwepa ni kuchambua fulana kwa mafungu matatu tangu mwanzo, nyeusi na buluu nzito, nyeupe na kijivu, halafu rangi kali. Kapeti ya rangi mbili zilizopangwa huonekana imekusudiwa. Ya rangi tisa huonekana kama mabaki, na mteja hulipa bei ya mabaki.

Soko la tatu ni watalii wa Gombe na Mahale. Wapo, lakini ni wachache kuliko wa Arusha, na wengi huondoka na begi dogo. Kapeti ya kilo moja haiwafai. Kikapu kidogo au mfuko unaweza kuwafaa, na hapo kroshia ndiyo inarudi na maana yake, kwa sababu mteja wa namna hiyo analipia mkono.

Wako waliotangulia kujifunza masoko hayo. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003, na Shanga ya Arusha wamejenga karakana za watu wenye ulemavu, na ufumaji ni miongoni mwa kazi zao. Jijini Nairobi, Africa Collect Textiles hukusanya nguo zilizokwisha na kutengeneza mazulia na mifuko. Jirani zaidi, WomenCraft ya Ngara imefanya kazi na wasusi wakimbizi wa Burundi katika Mkoa wa Kigoma chini ya mpango wa MADE51 wa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Funzo lao ni moja. Walitafuta mnunuzi na kipimo chake kwanza, kisha wakafuma.

Na kwa atakayefikiri kwamba biashara ya matambara ni ya kimaskini, akumbuke kwamba mwaka 1813 huko Batley, Uingereza, Benjamin Law aligundua namna ya kuchambua nguo kuukuu za sufu na kusokota uzi upya, na mji ukatajirika. Leo kazi hiyo imeshika mji wa Panipat, India, ambao kwa miaka mingi umeuzia mashirika ya misaada mablanketi yaliyotokana na nguo za mitumba. Lakini Panipat ina mashine na tani, nasi tuna mkasi na kilo. Kushindana nao kwa bei ni kujisumbua.

Hatari za kuangalia

Ya kwanza ni ya sera. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu, na ushuru wa forodha ukapandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa AGOA. Mtambo wowote unaotegemea mitumba unategemea maamuzi ya namna hiyo. Hata hivyo kitanda cha kufumia kina kinga kidogo, kwa maana kinaweza kula mabaki ya mafundi cherehani pia.

Ya pili ni usafi. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, na zisiingizwe katika uzi hata kwa kujificha. Fulana zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla ya kukatwa, si baada. Kapeti yenye harufu ya robota hairudishi mteja.

Ya tatu ni kupanda kwa bei ya mabaki yenyewe. Leo chini ya robota ni karibu bure. Wakitokea wafumaji kumi mjini, muuzaji wa mitumba ataanza kuwapangia bei. Kwa hiyo mwenye nafasi bora ni yule ambaye tayari ana meza ya mitumba na hutumia mabaki yake. Mgeni anayeingia kwa kununua mabaki afanye hesabu upya akiweka fulana kuwa sh. 500, na atazame kama kuna kinachobaki.

Pa kuanzia

Ushauri wa ukurasa huu kwa mwenye meza Mwanga, Ujiji au Kasulu ni huu. Kwa mwezi mmoja usikate kitu. Hesabu tu kila robota lilibakisha fulana ngapi na kilo ngapi. Wengi hawaijui namba hiyo, na bila namba hiyo hakuna biashara. Ikiwa mabaki ni chini ya fulana 20 kwa robota, uza matambara na usijisumbue. Yakizidi 40, kata madonge matano ya majaribio na umpelekee mtu mwenye kitanda au kroshia akuambie bei kwa mdomo wake.

Kitanda kije baadaye, na kije kwa pamoja. Ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pa kuuliza michoro na mafunzo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini mkopo ukatafutwe baada ya marobota machache ya majaribio. Deni halisubiri mbalamwezi iishe.

Miaka zaidi ya 150 iliyopita, Ujiji ilipokea merikani na kuilipia kwa meno ya tembo. Leo inapokea fulana za Marekani na kuzilipia kwa dagaa na mawese. Tangu wakati huo mji huu umekuwa mwisho wa safari ya nguo. Mita 20 zilizomo katika fulana iliyokataliwa haziubadilishi mji, lakini kwa mwenye meza zinaweza kuwa nauli ya robota lijalo. Mali bila daftari huisha bila habari.